Pijo ya Baba Rafuni: Vigari vya Kifaransa Kataboi na Hesabu ya Nyumba



Wasomaji wetu wapenzi, ni nadra nyumba kukosa kitu ambacho mwenye nacho hukiona lulu na wenzake hukiona takataka. Kwa mmoja ni sahani za kauri za bibi, zisizoliwa wala kukopeshwa. Kwa mwingine ni sarafu za zamani, au kanga zisizovaliwa zilizofungwa sandukuni pamoja na udi. Kwa kaka yangu wa kuzaliwa tumbo moja ni magari madogo ya kuwekwa rafuni, na si magari yoyote tu: ni yale ya Kifaransa yaliyobeba aila za watu miaka ya sitini, sabini na themanini. Wiki hii nawaletea habari za vigari hivyo, na za mgogoro wa nyumbani ulionitoa Mombasa hadi Kataboi, kwani naamini katika kisa hiki wengi tutajiona wenyewe.

Kataboi ni mji mdogo ulioko ufukweni magharibi mwa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kalokol. Anayetoka pwani hupita Nairobi, kisha Kitale, kisha huteremka kutoka milima ya Pokot hadi Lodwar, na kutoka hapo huelekea ziwani. Ni nchi ya jua kali na upepo usiochoka, ya mbuzi na ngamia, ya mikoma ambayo majani yake akina mama wa Kiturkana huyasuka vikapu na mikeka. Wavuvi huanika samaki juani, na samaki hao husafirishwa mbali. Kaka alifika huko kwa biashara hiyo ya samaki, akafungua duka la rejareja, akaoa, akatulia. Ni mwaka wa kumi na mbili sasa.

Ukiingia dukani mwake utaona majani ya chai, sukari, unga, sabuni, kamba za nyavu na betri za tochi. Nyuma ya kaunta, juu kabisa, pasipofikiwa na mkono wa mtoto, pana kabati la vioo. Humo ndimo vilimokaa vigari vyake thelathini na vinne, kila kimoja kimeelekeza uso wake mlangoni kama teksi zinazongoja abiria.

Gari lililotulea

Ili msomaji aelewe, sina budi kumrudisha nyuma. Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa Peugeot 504 ya viti saba, iliyofanya kazi ya teksi ya masafa kati ya Mombasa na Malindi. Wenye umri wangu wanazikumbuka: gari refu la nyuma pana, safu tatu za viti, mizigo juu ya keria, na dereva aliyekataa katakata kung'oa nanga mpaka abiria wa saba apatikane. Watu wetu hawakujishughulisha na matamshi ya Kifaransa. Waliita Pijo, na Pijo ikawa.

Gari lile halikupendwa kwa sababu ya jina. Peugeot 504 ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatunukiwa heshima ya kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Ile ya familia ilirefushwa: umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulikuwa mita 2.90, ilhali ule wa gari la kawaida ulikuwa mita 2.74, na nyuma ikawekwa ekseli nzima isiyogawanyika ili istahimili mzigo. Injini yake ilikuwa rahisi kufahamika, kiasi kwamba fundi wa kijijini mwenye spana chache aliweza kuitengeneza chini ya mwembe. Uundaji wa magari ya abiria ya aina hiyo ulikoma Ufaransa mwaka 1983, lakini barani Afrika, hususan Nigeria na hapa kwetu Kenya, uliendelea baada ya hapo. Naam, Pijo nyingi zilizotembea nchini ziliunganishwa hapa hapa Mombasa, na vijana wa pwani wakapata riziki yao katika kazi hiyo.

Kabla yake ilikuwapo Peugeot 404, iliyotoka mwaka 1960, umbo lake likiwa limesanifiwa na Waitaliano wa Pininfarina, na nyuma ikiwa na pembe mbili zilizochongoka kama mapezi ya samaki. Hiyo ndiyo iliyojenga sifa ya Pijo Afrika Mashariki. Ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968, mvua na matope yalifanya magari saba tu kumaliza mashindano, na miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya 404. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyetoka Tanzania. Baadaye 504 nayo ikashinda mwaka 1975 na mwaka 1978. Wazee wetu hawakuhitaji tangazo lolote la gazetini. Waliona kwa macho yao ni gari gani linalotoka matopeni.

Baba alipougua, Pijo iliuzwa ili kulipia matibabu. Nakumbuka mnunuzi akiitoa uani kwa kurudi nyuma, na kaka, akiwa na miaka kumi na mmoja, akiifuata kwa miguu hadi barabara kuu. Hakulia. Alirudi na kifuniko cha gurudumu kilichokuwa kimeanguka, akakiweka chini ya kitanda. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ukusanyaji wake ulipoanza, ingawa kigari cha kwanza alikinunua akiwa mtu mzima.

Elimu ya vitu vidogo

Mimi nilidhani vigari hivi ni vya kuchezea watoto. Kaka alinisahihisha kwa upole, kisha akanisomesha kwa muda wa saa mbili.

Kigari cha mkusanyaji hutengenezwa kwa kipimo maalumu. Kipimo kinachopendwa zaidi na Wafaransa ni moja kwa arobaini na tatu, yaani ukivipanga vigari arobaini na vitatu kimoja nyuma ya kingine, utapata urefu wa gari halisi. Pijo ya familia ilikuwa na urefu wa takriban mita 4.80, hivyo kigari chake hufikia sentimita 11 na kidogo. Citroën 2CV, gari dogo la mkulima, huwa sentimita 9 hivi. Kipimo hiki kimetokana na treni za kuchezea: watengenezaji walitaka magari yanayolingana na treni zao, ili kituo na barabara vionekane kuwa vya dunia moja. Vipo pia vya moja kwa kumi na nane, vikubwa vinavyojaza mikono miwili, na vya moja kwa sitini na nne, vinavyotoshea kiganjani.

Watengenezaji wa Kifaransa wanaotajwa sana ni Solido, iliyoanza mwaka 1932. Norev, iliyoasisiwa mwaka 1946 karibu na mji wa Lyon na ndugu wa ukoo wa Véron, ambao jina la kampuni yao ni jina la ukoo lililosomwa kinyumenyume. Na Majorette, iliyotokana na mmoja wa ukoo huohuo, Emile Véron, katika miaka ya sitini. Dinky Toys nao, ingawa ni wa asili ya Uingereza, walikuwa na kiwanda chao Bobigny, jirani na Paris, kilichotoa magari ya Kifaransa. Vingi katika vigari hivi ni vya madini mchanganyiko ambayo zaidi ni zinki, yaliyoyeyushwa na kumiminwa kalibuni. Norev wa mwanzo walitumia plastiki.

Katika kabati lile nilioneshwa Renault 4, iliyoanza mwaka 1961 na ambayo zaidi ya milioni 8 ziliundwa. Nilioneshwa Renault 16 ya mwaka 1965, yenye mlango mpana wa nyuma unaoinuka juu, jambo lililokuwa geni kwa magari ya familia ya wakati ule. Nilioneshwa Citroën DS ya mwaka 1955, iliyonyanyuka na kushuka kwa nguvu ya mafuta na hewa. Na ile 2CV iliyooneshwa Paris mwaka 1948 na kuendelea kuundwa hadi mwaka 1990: mabwana waliotaka iundwe waliagiza kwamba mkulima aweze kuvuka nayo shamba lililolimwa akiwa na kikapu cha mayai, na yai lisivunjike hata moja. Nilimtazama wifi yangu, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akasema, "Hao walimuuliza mwanamke kabla hawajachora."

Nilimuuliza kaka kwa nini hakukusanya magari ya Turkana, yale ya magurudumu manne yanayopita hapo kila siku. Alijibu kwamba Wafaransa ndio waliotangulia kuja Turkana kutafuta vitu vidogo. Alikusudia jopo la watafiti likiongozwa na Mfaransa Sonia Harmand, ambalo mwaka 2011, huko Lomekwi, kaskazini mwa Kataboi, lilipata zana za mawe ambazo wataalamu wanazikadiria kuwa na umri wa miaka milioni 3.3. "Dada," alisema, "wao wanavuka bahari kuja kuokota vijiwe vyetu, na dunia yote inawasifu. Mimi nikiokota vigari vyao naitwa mwendawazimu."

Karo ya msichana

Jibu lilikuwa tamu, lakini sikusafiri siku tatu ili kuchekeshwa. Wifi yangu alikuwa amenipigia simu usiku. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu. Aliniambia tu: "Wifi, njoo utuamue kabla sijasema neno nisiloweza kulirudisha."

Binti yao wa kwanza alikuwa ameitwa shule ya sekondari ya bweni. Karo haikutimia. Mbuzi walikuwa wamepungua kwa ukame, na samaki wa msimu ule walikuwa haba. Katika wiki ile ile, gari la mizigo kutoka Lodwar lilishusha kifurushi kidogo chenye jina la kaka. Ndani yake mlikuwa na kigari. Ubaya juu ya ubaya, muuzaji, ambaye hatumjui ila kwa simu, alikisifia kuwa ni cha zamani kutoka Ufaransa, na kumbe kilikuwa kipya cha kuigiza, rangi yake ikibanduka kwa ukucha.

Kwa Kiswahili chetu uraibu ni jambo mtu analolipenda akastarehe nalo, na pia ni jambo lililomshika asiweze kuliacha. Neno ni moja, na mpaka kati ya maana hizo mbili mara nyingi huonwa na mke kabla ya mume kuuona.

Sikuhukumu. Niliomba daftari la shule na kalamu. Baada ya swala ya isha tulikaa watatu chini, tukakiteremsha kigari kimoja kimoja, na kaka akataja mwenyewe: jina, kipimo, mtengenezaji, mwaka alioununua, na bei. Wifi aliandika. Kazi ilichukua hadi karibu na usiku wa manane, upepo ukipiga mabati juu yetu. Tulipojumlisha, fedha zilizokuwa mle kabatini kwa miaka tisa zilizidi karo ya mwaka mzima.

Kaka alikaa kimya kwa muda mrefu. Wifi naye, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, hakusema "nilikwambia." Alilifunga daftari, akaenda kutia maji ya chai. Mimi nimeona ndoa zikivunjika kwa sababu ya neno hilo moja, na usiku ule nilishuhudia ndoa ikipona kwa kuachwa lisemwe.

Dini yetu inasemaje?

Akina mama wengi watauliza, je, jambo hili lina ruhusa? Tuanze na wepesi wa dini. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na wanasesere, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipomuuliza juu ya mbawa hizo, alimjibu kuwa farasi wa Nabii Suleiman walikuwa na mbawa, naye akacheka. Hivyo mchezo na kitu kidogo cha kufurahisha moyo havikufukuzwa katika nyumba ya Mtume. Na makatazo ya taswira yanayozungumzwa na wanazuoni yanahusu vyenye roho. Gari halimo katika hivyo.

Lakini ruhusa haiondoi haki za watu. Nafaka ya nyumba, mavazi, matibabu na elimu ya watoto ni haki iliyo juu ya baba, na israfu haipimwi kwa ukubwa wa kitu bali kwa kile kilichoachwa ili kitu hicho kipatikane. Kigari cha sentimita 11 kinaweza kuwa israfu kubwa kuliko nyumba ya ghorofa.

Yapo pia mambo mawili ambayo wakusanyaji wengi huyasahau. La kwanza ni zaka. Kitu ulichonunua ukitumie au ukitazame hakina zaka, lakini ukinunua kwa nia ya kuuza, hicho ni bidhaa ya biashara. Kikifikia kiwango na kupitiwa na mwaka, kinatolewa asilimia 2.5. La pili ni mirathi. Mkusanyo ni mali. Mwenyewe akifariki, haurithiwi na mtoto anayeupenda tu, bali unaingia katika hesabu ya warithi wote. Asiyeandika thamani ya vitu vyake anawaachia jamaa zake ugomvi, au anawaacha wavigawe kwa watoto wa jirani wasijue walichokigawa. Kwa masuala ya undani, waulizeni masheikh wa karibu nanyi.

Kulitunza kabati

Kwa walio na mkusanyaji nyumbani, haya ndiyo niliyojifunza. Jua la moja kwa moja hufifisha rangi, hivyo kabati lisielekee dirisha. Vumbi la nchi kavu ni kama msasa. Lipanguswe kwa brashi laini, si kwa kitambaa kikavu. Magurudumu ya mpira yakikaa kwenye joto kwa muda mrefu huweza kuyeyusha plastiki ya kibao kilicho chini yake, kwa hiyo inafaa kuinua kigari kidogo kwa kijiti chini ya tumbo. Vigari vya zamani sana huweza kupasuka vyenyewe kwa sababu zinki yake iliingia uchafu wa risasi wakati wa kuyeyushwa. Ugonjwa huo hauna tiba. Usitupe boksi, kwani kigari chenye boksi lake huuzwa kwa bei bora. Na watoto wadogo wasipewe: rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na vipande vidogo huweza kumezwa.

Juu ya hayo yote, liwepo daftari, na daftari lishikwe na wawili.

Walichoamua

Asubuhi baada ya alfajiri kaka alivitenga vigari mwenyewe, bila ya kuambiwa. Kumi na tisa vilipakiwa katika kikapu cha mkoma, kimoja kimoja ndani ya magazeti, nikarudi navyo Mombasa. Kwa muda wa wiki sita tuliviuza kwa wapenzi wa vitu hivyo. Vingine vilipata bei nzuri, vingine hasara. Ile 2CV ya mayai iliondoka pia, na najua ilimuuma. Binti alikwenda shule akiwa amechelewa wiki mbili, akiwa na sanduku lake na godoro, na karo ya muhula wa pili ikiwa imewekwa kando. Kifuniko cha gurudumu cha Pijo ya baba hakikuingia katika hesabu. Hakuna aliyekitaja, nasi tulikubaliana bila ya kusema.

Vilivyobaki ni kumi na vitano. Katikati ya kabati imebaki Pijo 504 nyeupe ya familia, na keria yake juu. Mapatano ni kwamba hakinunuliwi kingine mpaka wifi atie sahihi daftarini.

Siku ya kuondoka kwangu, mtoto mmoja wa mvuvi alipita mbele ya duka akisukuma gari alilolitengeneza mwenyewe kwa waya na bati la kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu yake yakiwa yamekatwa kutoka kwenye ndara kuukuu, na usukani wa waya mrefu ukimfikia kifuani. Lilikuwa lori, na lilikata kona barabara. Kaka alitoka nje, akalitazama kwa jicho la ustadi, akamwambia kwamba angelinunua na kuliweka kabatini pamoja na Wafaransa. Alitaja bei, na ilikuwa bei ya haki.

Mtoto alilivuta lori lake nyuma yake. "Ukilichukua," akauliza, "mimi nitaendesha nini?"

Kaka hakuwa na jibu. Wifi, aliyekuwa mlangoni, alicheka hadi akaketi. Mtoto akaendelea na safari yake kuelekea ziwani, akivuma kwa mdomo sauti ya injini.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuvipenda vitu bila ya vitu kututawala, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na azitie baraka nyumba zetu na riziki zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.